Friji ya Mioto Mitatu

Kila mahali lori lile lilipopiga kambi, arap Kosgei alianza na sahani ya maji. Hakuanza na chai, wala kuni, wala kunyoosha mgongo baada ya zile barabara za Mau ambazo zingeweza kumng'oa mtu meno. Alijaza maji kwenye sahani ya bati hadi ukingoni, akaiweka ndani ya friji, akapiga magoti kuitazama. Maji yakiegemea upande mmoja, alitoka nje akachimba kidogo chini ya gurudumu moja au akatia ubao chini ya jingine, kisha akarudi kutazama tena. Mara nyingine alirudia mara sita. Watu walisimama kando wakicheka, wakiulizana kama huyu dereva anapiga ramli. Aliwaacha wacheke. Friji ile ikisimama upande haifanyi kazi hata uipe moto wa jehanamu, na ndani yake kulikuwa na chanjo ya sotoka.

Asiyeijua sotoka na ashukuru Mungu. Ni ugonjwa wa ng'ombe ulioingia zizini Jumatatu, na kufikia Jumatatu ya tatu mtu alikuwa anafagia zizi tupu. Kuna wazee waliohesabu umri wao kwa sotoka, kwamba fulani alizaliwa kabla ya ile ya kwanza, fulani baada ya ile ya pili.

Lori lenyewe lilikuwa mali ya Daktari Harwood, daktari wa mifugo aliyekaa Nakuru. Mgongoni mwa lori alikuwa amejenga nyumba ya mbao na bati, ina kitanda, meza ya kukunja, sinki, jiko, taa, na hiyo friji. Watu wakaiita nyumba ya magurudumu. Kwa karatasi, mwenye nyumba alikuwa daktari. Lakini aliyejua kila waya na kila bomba humo ndani alikuwa Kipketer arap Kosgei, na daktari mwenyewe hakulikana hilo. Kitu kikigoma, mzungu alitoka nje, akawasha kiko chake, akangoja Kosgei amalize.

Kosgei hakusomea mambo haya kwenye dawati. Alikua akichunga ng'ombe wa mlowezi upande wa Londiani, na hata kuandika jina lake alijifunza akiwa mtu mzima. Vita vilipokuja alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma, na huko akawekwa chini ya sajini mmoja Mhindi aliyetunza betri za magari na za simu za upepo. Sajini yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakuficha ujuzi. Kosgei alirudi nyumbani mwaka wa 1946 na vidole viwili vilivyoungua kwa asidi, akaenda moja kwa moja Nakuru, akapata kazi kwenye karakana ya kuchaji betri. Wakati huo redio za mashambani, kuanzia Gilgil hadi Njoro, zilikula betri kubwa za maji, na zote zilibebwa kuja Nakuru kuchajiwa. Akazifahamu kama mchungaji anavyofahamu mifugo. Ilisemekana angeweza kuinusa betri akakuambia ina siku ngapi za kuishi. Hiyo ni chumvi kidogo, lakini ni kidogo tu.

Sasa hiyo friji. Jiko la ile nyumba lilitumia gesi ya mtungi peke yake. Taa, na pampu ndogo ya kupandisha maji, zilitumia betri. Lakini friji ilikula mioto mitatu. Ikiwa Nakuru uani kwa daktari, ilichomekwa kwenye stima ya mji. Ikiwa kambini, ilikuwa na kichomeo kidogo cha gesi chini, chenye ulimi wa moto wa buluu mdogo kama ukucha. Wa tatu ulikuwa wa betri, na huo haukuja na friji kutoka ng'ambo. Kosgei aliutengeneza kwa mikono yake, akasokota waya wa kupasha joto kwenye kigae, akaupachika ubavuni mwa bomba ambapo ule wa gesi hupasha. Daktari alipoona kazi ile alimshika mkono. Enzi zile, mzungu kumshika fundi mkono mbele ya watu haikuwa jambo la kila siku.

Wazee wa mlimani walikataa kabisa kwamba moto unaweza kuzaa baridi. Kosgei aliwaeleza bila kuchoka.

"Moto unachemsha dawa iliyo ndani ya mabomba. Ile dawa inapanda, inazunguka, ikishuka inachukua joto la ndani na kulitoa nje huku nyuma. Wekeni mkono hapa nyuma, msikie."

"Kwa hiyo mimi nikisikia joto nikae karibu na moto?" mzee mmoja alimuuliza siku moja.

"Ndiyo, mzee. Lakini uwe bomba kwanza."

Na sheria yake ya kazi aliirudia kama katekisimu: gesi kambini, betri safarini, stima mjini. Betri ni ya safarini tu, kwa sababu friji ina kiu. Ukiiunganisha na betri injini ikiwa imezimwa, itainywa yote, na asubuhi lori halitawaka. Injini ikinguruma ukiwa na gia ya pili au ya tatu, dainamo inarudisha kile friji inachokunywa. Lori likiwa limesimama na injini inakoroma polepole, dainamo hairudishi kitu. Haya aliyajua, na kama utakavyoona, yalikuja kumfaa.

Mwezi wa saba mwaka wa 1956, habari zilifika Nakuru kwamba sotoka imeonekana upande wa chini, kwenye mbuga za kuelekea Narok, na inapanda. Olenguruone ilikuwa njiani mwake. Daktari Harwood akatuma ujumbe watu wa huko walete ng'ombe wachanjwe. Watu wakakataa.

Walikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma walikuwa wamechanja. Mtu mmoja, ambaye jina lake halina haja hapa, aliwaletea chanjo ndani ya mkoba wa ngozi uliopigwa na jua siku mbili. Chanjo ile ni kitu hai. Ikipata joto inafa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu, inabaki vile vile kwenye chupa kama iliyo nzima. Ng'ombe walidungwa, wenye mali wakalala usingizi mtamu, na sotoka ilipokuja ikawakuta wazi. Mzee arap Kemboi alipoteza kumi na tisa. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mjumbe na kusema kwamba dawa ya wazungu ni maji.

Kosgei alikuwa mkwe wa huko. Chelangat, mke wake, aliishi kwenye boma lao chini ya msitu, na ng'ombe wao saba, mali yote ambayo Kosgei alikuwa ameipata tangu atoke Burma. Akaomba ruhusa ya siku mbili, akapanda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akafika siku ya soko. Akavua kofia, akasimama pale penye watu.

"Safari hii naleta mimi," akasema. "Itatoka Nakuru ikiwa baridi, itaingia kwa ng'ombe ikiwa baridi. Na ikiharibika njiani, hamtaambiwa na mtu mwingine. Nitawaambia mimi, kwa mdomo wangu."

"Tutaleta," arap Kemboi akasema. "Lakini ni kwa neno lako. Si kwa neno la mzungu."

Basi hilo ndilo Kosgei alilobeba kupanda nalo Mau wiki iliyofuata. Chupa ishirini, kila moja ya ng'ombe ishirini na tano, na neno lake juu.

Walikuwa watatu: daktari kwenye Land Rover yake mbele, Kosgei na lori nyuma, na kando ya Kosgei mpishi mpya, Dualeh. Dualeh alikuwa mtoto wa Nakuru mjini. Baba yake alikuwa Msomali mfanyabiashara wa mifugo, mama yake mtu wa Mombasa, na kwa sababu hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi. Aliposikia Kiswahili cha bara alifumba macho kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali. Alikuwa mwungwana, mpishi hodari, na hajawahi kutoka na daktari hata siku moja.

Hapo ndipo penye kisa. Daktari Harwood alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, kile cha walowezi, na humo ndani neno moja lilibeba mizigo yote: zima. Gari zima? Ng'ombe zima? Mama zima? Alikuwa akiuliza kama kitu ni kizima, kama mtu hajambo. Kosgei, baada ya miaka sita naye, alijibu, "Ndiyo, Bwana Daktari, zima," bila kufikiri. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Dualeh.

Walifika Jumatano jioni. Kosgei akaweka sahani ya maji, akachimba, akatia ubao, akawasha gesi, akaona ule ulimi wa buluu umetulia. Kuchanja kulikuwa Ijumaa. Alhamisi alfajiri aliondoka na watu kumi kwenda kukata miti ya kujengea njia nyembamba ya kupitishia ng'ombe. Saa moja asubuhi daktari naye akawasha Land Rover, aende kambi ya msitu kuonana na wenzake, alale huko, arudi kesho yake mapema. Upepo ulikuwa mkali na injini inapiga kelele. Akatoa kichwa dirishani, akamwita Dualeh.

"Mpishi! Friji zima!"

Kwake lilikuwa swali. Dualeh akaitika, "Naam, bwana!" Daktari akaridhika, akaenda zake.

Dualeh alisimama akafikiri. Friji azime. Ajabu, lakini wazungu hawaishiwi na maajabu, na tena huku Olenguruone baridi imejaa nje bure, ya nini kugharimia nyingine? Akaingia, akapiga magoti, akauona ule moto mdogo. Akauzima kama alivyozima koroboi maisha yake yote. Akapuliza.

Baada ya nusu saa akasikia harufu kama ya kitunguu kilichooza. Hakuwa mjinga; akajua ni gesi. Akaenda kwenye mtungi kuufunga, na kwa hofu aliyokuwa nayo mkono haukumtosha. Akachukua spana kubwa ya magurudumu, akakaza, akakaza tena. Kifungio kikakatika kikabaki mkononi mwake. Mtungi ulikuwa umefungwa, na ulikuwa umefungwa kweli kweli.

Kosgei alirudi saa saba mchana, mabega yamechubuka kwa kubeba miti. Alimkuta Dualeh mlangoni amekunja mikono ya kanzu, kijiko cha majani ya chai mkononi, na kiberiti tayari kwa kuwasha kuni alizozipanga kwenye ngazi ya lori. Kosgei akainua pua.

"Weka kiberiti chini," akasema taratibu sana.

"Nakuchemshia chai, mzee wangu. Gesi imekataa."

"Weka chini, ndugu yangu. Rudi nyuma. Usiguse taa."

Kwa maana gesi ile ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikaondoka kama moshi, inalala sakafuni, inajikunyata pembeni, inangoja. Kosgei akafungua mlango wote, akafungua madirisha, akachukua blanketi akaanza kufagia sakafu kwa upepo wa blanketi, akikisukuma nje kitu ambacho hakuna anayekiona. Alifanya hivyo hadi jasho likamtoka kwenye baridi ile. Ndipo alipoinama kutazama kichomeo.

Kulikuwa kweusi.

"Nani amezima?"

"Si daktari mwenyewe kaniamuru?" Dualeh akasema. "Kaniambia, friji zima. Nikazima."

Kosgei aliketi chini. Alielewa yote kwa mara moja, na hasira ilimjia ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Angemlaumu Dualeh kwa kuwa anajua Kiswahili? Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo mawili. Saa sita zilikuwa zimepita.

Ndani ya mlango wa friji kilining'inia kipimajoto, na juu yake Kosgei mwenyewe alikuwa amechora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha aliyoiomba kwa mke wa daktari. Juu ya mstari, chanjo inafa. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akakitoa. Kilikuwa juu ya mstari.

Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Dualeh hakujua hata ule mstari ni wa nini.

Akakirudisha, safari hii akakisukuma ndani kabisa, kando ya kisanduku cha barafu, akafunga, akahesabu dakika kumi kwa saa ya mkononi aliyotoka nayo jeshini. Alikuwa mtu wa kanisa, na dakika zile aliomba. Alipokitoa, kilikuwa chini ya mstari kwa upana wa unyasi. Chupa kumi na saba zilikuwa zimepangwa huko ndani. Tatu zilikuwa mlangoni. Akazitoa zile tatu, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia mfukoni mwa koti.

Sasa zile kumi na saba. Friji ya namna hii si ya kukurupuka. Ukiiwasha inachukua saa nyingi kurudi kwenye baridi yake. Gesi imefungiwa mtungini na kifungio kiko mkononi mwa mpishi. Stima iliyo karibu ilikuwa Mau Narok, kwenye mashamba ya ngano ya wazungu, na wakati ule wa hali ya hatari ya Mau Mau, dereva Mwafrika asiye na barua ya kupita huko angeishia kwenye seli, chanjo ikiivia nje. Umebaki moto mmoja, ule wa mkono wake. Na ule unataka lori litembee.

"Panda," akamwambia Dualeh.

"Twende wapi?"

"Hatuendi mahali."

Kulikuwa na uwanda wa malisho juu ya kilima cha karibu, mpana na sawa, ambapo sahani ya maji ingekaa bila kumwagika. Kosgei aliingiza gia ya pili, akaanza kuuzunguka. Alizunguka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Watoto walikuja mbio, kisha wanawake, kisha wanaume waliokuwa wanajenga. Nyumba ya magurudumu ilikuwa inazunguka kwenye nyasi kama punda wa kinu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba arap Kosgei amerukwa na akili kwa sababu ya vita. Chelangat alifika akasimama mbele ya lori na mikono kiunoni, na mumewe akamkwepa akaendelea.

"Unatafuta nini?" mkewe alimlilia dirishani kwenye mzunguko uliofuata.

"Baridi!"

Jibu hilo lilichekwa Olenguruone kwa miaka mingi. Palepale kwenye ubaridi ule, watu wamejifunika mablanketi mawili mawili, na mtu anachoma petroli akitafuta baridi.

Alizunguka hadi jua likazama, akisimama mara moja tu kumwaga petroli ya debe. Alipofungua friji, kipimajoto kilikuwa kimeshuka kupita mstari kwa mbali, na kisanduku cha juu kilikuwa na barafu mpya. Akasimamisha lori, akaifunga friji na mablanketi yote ya daktari, la kwake, na kanzu ya Dualeh ya sikukuu, na akauachia ukungu wa Mau umalizie kazi. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa jalidi na kipimajoto hakikuwa kimepanda hata kidogo.

Ijumaa ng'ombe walikuja zaidi ya walivyotazamiwa. Walijaza uwanda ule uliochorwa duara na magurudumu. Daktari alipofika na kusikia habari, alimvuta Kosgei pembeni.

"Hii tatu," akasema, akizitazama zile chupa kwenye kitambaa. "Labda zima. Labda kufa. Hapana jua. Sisi piga tu. Watu ni mingi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa daktari mwenye ng'ombe wengi mbele yake na chupa chache, na pengine aliona 'labda' ni bora kuliko 'hapana'.

"Bwana Daktari," Kosgei akasema, "hawa walishapigwa 'labda' miaka mitatu iliyopita."

Akaenda mbele ya watu na zile chupa tatu. Akaeleza yote, tangu saa moja asubuhi: kwamba friji ilizimwa, kwamba kumi na saba zimepona na tatu zimekufa au pengine zimekufa, na kwamba kosa ni lake kwa sababu mzigo ulikuwa wake na aliuacha. Hakumtaja Dualeh. Dualeh ndiye aliyejitokeza mwenyewe, kanzu imekunjamana kama kitambaa cha kufutia sahani, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba aliyezima ni yeye, na kwamba aliamriwa.

"Nani toa amri?" daktari akauliza.

"Wewe, bwana. Ulisema, friji zima."

Halafu watu wakaangua kicheko, na uso wa daktari ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alijaribu kusema kitu, akaona kila neno alilo nalo lina hatari, akatoa kiko chake. Kosgei akavunja zile chupa tatu kwenye jiwe, moja moja, kila mtu akiona.

"Sasa zinatosha ng'ombe mia nne na ishirini na tano," akasema. "Waliopo wanapita hapo. Wangu waende mwisho."

Chelangat alimshika mkono, akamwita kwa jina la binti yao. "Baba Chepkemboi, saba tu. Watu hawatakuuliza kwa saba."

"Aliyeahidi ni mimi," akasema. "Upungufu uanzie kwangu."

Alimwachia mkono, na wala hakumsamehe siku hiyo. Ilikuwa haki yake. Yeye ndiye aliyewakamua wale ng'ombe kila asubuhi, mumewe akiwa Nakuru na betri za watu.

Chupa ya mwisho iliisha mchana. Waliobaki bila kuchanjwa walikuwa saba wa Kosgei, na mtamba mmoja wa mtu aliyechelewa. Daktari aliahidi kurudi na chanjo nyingine baada ya wiki nne, na aliahidi kwa moyo. Sotoka ilifika baada ya tatu.

Ilipanda kutoka mbugani kama ilivyotazamiwa, ikapita mlima mzima. Wale mia nne na ishirini na tano, hakuanguka hata mmoja. Walianguka ng'ombe wa Kosgei. Sita walikufa ndani ya siku kumi na moja, na Chelangat na wanawake wa jirani wakawachimbia mashimo, kwa sababu barua iliyomwita mumewe ilifika Nakuru mambo yamekwisha. Kosgei alipofika alikuta ng'ombe mmoja mzee amesimama peke yake kwenye zizi la ng'ombe saba, akaketi juu ya kizingiti akalia bila kujificha.

Hapo sharti nieleze desturi moja ya watu wale, wanayoiita kimanagan. Mtu mwenye busara haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi lake. Anachukua mmoja anampeleka kwa mtu mwingine amtunze, anywe maziwa yake, na ng'ombe anabaki mali ya mwenyewe. Lakini hupeleki kwa yeyote yule tu. Zizi la mwenzako liko mbali, huoni yanayotendeka humo. Siku ng'ombe akifa, unaletewa ngozi na maelezo, basi, na yale maelezo huna budi kuyakubali. Kwa hiyo kuna wanaume matajiri wasiowekewa hata ndama, na hilo huwauma kuliko umaskini.

Kosgei alikuwa bado kwenye kizingiti arap Kemboi alipotokea njiani, anaswaga mtamba mwekundu. Kosgei alisimama, akajifuta uso.

"Mzee, hapana," akasema. "Siwezi kulipwa kwa jambo lile."

"Nani anakulipa?" Arap Kemboi alikasirika kidogo. "Huyu ni wangu. Namweka kwako."

Nyuma yake, kwenye kona ya njia, alikuwa anakuja mtu mwingine na ng'ombe, na nyuma ya huyo mwingine tena. Chelangat alitoka jikoni na mikono ina unga, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akafika tisa, akaacha.

"Nyumba yangu haina bahati, mzee," Kosgei akasema. "Umeona mwenyewe. Na huyu akifa?"

"Akifa njoo uniambie," arap Kemboi akasema. "Wewe nitakuamini."

Kosgei akafungua zizi.